Mgawaji Huchukua Mwisho

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Bunju, kwenye arobaini ya Mwalimu Saumu. Kisomo kilikuwa kimekwisha, tumekaa kwenye mikeka upande wa wanawake tukisubiri chakula, na mbele yangu walikaa kinamama wawili nisiowajua. Mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake habari za marehemu. "Unaambiwa huyu mama somo lake limo kwenye kitabu cha dunia nzima. Watoto wa Ulaya huko, wa Uchina, wa wapi, wote wanafundishwa kula sinia kama sie." Mwenzake akasema, "Wee!" "Wallahi vile. Mama yangu alikuwepo siku kinasomwa." Mie nikainamisha kichwa nikaanza kuhesabu miraba ya mkeka, maana hiyo ndiyo dawa yangu tangu zamani: nikikosa la kusema nahesabu, na nikimaliza narudia. Mara ya kwanza nilipata miraba mia na nane, mara ya pili mia na sita, nikajua siko sawa. Katika watu wote waliokaa pale, ni mie peke yangu niliyejua kwamba kitabu kipo kweli, kwamba sinia halimo, na kwamba aliyelitoa ni mie.

Mwaka kitabu hicho kilipotungwa nilikuwa na miaka ishirini na minne, nauza vyombo vya plastiki Tandika. Siku moja akaja mtu mrefu, mpole, shati amechomekea, anataka sahani thelathini za watoto. Nikamtajia bei, akasema asante. Nikamtazama. Nikampunguzia mwenyewe kidogo, akasema asante tena. Kumwonea mteja huruma sokoni ni sawa na kuanza kuumwa, lakini nilimwonea. Akaniuliza mbona nashusha bei na yeye hajasema neno. Nikamwambia, "Braza, mie napatana na mtu, sipatani na ukuta. Umenifanya nikae pande zote mbili za meza." Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Huyo ndiye Dokta Maganga, Mnyamwezi wa Tabora. Wiki iliyofuata akarudi kununua vikombe, safari hii akakaa kwenye ndoo, akanieleza kwamba yeye na wenzake wa nchi nane wanatunga mtaala wa amani kwa watoto wa miaka minne mpaka sita, ufundishwe kote duniani, na anatafuta mtu wa kununua vifaa na kuvipeleka kwenye shule ya majaribio huko huko Temeke. Nikamuuliza amani inafundishwaje kwa sahani. Akafikiri kweli kweli, akasema, "Hilo hata sisi hatujalijua bado." Wauzaji wote niliowahi kukutana nao walikuwa wanaijua bidhaa yao mpaka ndani. Nikakubali kazi kwa sababu ya jibu hilo.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga Madale, juu ya kilima, siku hizo ambapo stendi ya mikoani bado iko Ubungo na Madale ni vichaka, udongo mwekundu na nyumba moja moja zilizosimama kwenye lenta, bila paa, zikisubiri wenyewe wapate moyo. Sebuleni hapakuwa na makochi. Kulikuwa na kamba mbili zilizofungwa kutoka dirisha hadi dirisha, na masomo yote ya mtaala yalining'inia humo kwa vibanio vya nguo kama fulana. Siku ya kwanza niliyahesabu nikapata arobaini na moja, nikarudia, arobaini na moja. Dokta alikuwa na uhakika ni arobaini. Ikaonekana somo la tisa limeanikwa mara mbili, na tangu siku hiyo akaniita Mkaguzi. Kulikuwa na somo la mbegu kutoka nchi moja, la mto uliochorwa kwa chaki ambao watoto wawili lazima wauvuke wameshikana mikono kutoka nchi nyingine, na la Tanzania lilikuwa bado halijapatikana. Mchana tulikula mihogo ya kuchemsha kwa chai ya tangawizi, Dokta akiila mihogo kwa uma, na mimi nikiwa jikoni nasikia anavyobishana kwenye simu na wenzake wa mbali. Alasiri moja nzima walibishania kama mtoto wa miaka mitano aambiwe neno vita au asiambiwe. Wakati ule niliona ni watu wasio na kazi. Leo nikikumbuka sauti yake ikipita ule mlango, "Hapana, hapana, ukimwambia lazima umwambie pia inaishaje," najiona mjinga. Sijasikia tena mtu mzima akimhangaikia kiasi hicho mtoto asiyemjua.

Shule ya majaribio ilikuwa chekechea ya Mwalimu Saumu, mtaa wa nyuma ya soko, banda la bati lililoegemea ukuta wa madrasa, watoto ishirini na wanane. Mwenyewe alikuwa amepita arobaini kidogo, mfupi, ana sauti ya kutangazia mnada, na anavaa saa ya mkononi iliyosimama tangu zamani kwa sababu inalingana na pete. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na alijua. Akiandika herufi ubaoni anarudi nyuma hatua mbili aitazame, kama mtu anayejaribu gauni. Siku ya kwanza niliingia na boksi kichwani. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Ndo umeleta hiyo amani?" "Ndiyo, mwalimu." "Iweke pale kivulini isije ikayeyuka." Dokta akiwa nyuma yangu akacheka, akajitambulisha, na alipotaja tu kwamba ni Mnyamwezi, Mwalimu Saumu akapiga makofi. "Mtani! Babu zako walikuja hapa na mizigo kichwani. Leo mmesoma, mnawabebesha watoto wa Kizaramo?" Dokta akamjibu, "Ingekuwa tunawasubiri Wazaramo mbebe, mwalimu, hilo boksi lingekuwa bado liko bandarini, nyie mko ngomani." Wakapendana hapo hapo.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya majaribio, na mradi ulitoa chakula cha mchana. Somo la kwanza tulilojaribu liliitwa Sawa kwa Sawa, na kwa kuwa lilihusu kugawa, Dokta aliniachia mie. Nililiandaa kama mtu anayeandaa mahari. Sahani ishirini na nane, kila moja vijiko vitatu vya wali wa nazi vilivyokatwa juu kwa kisu, na kipande kimoja cha samaki. Samaki nilimkata mwenyewe, nikapima vipande kwa vidole, kisha nikavipima tena. Nilijiambia leo hapa Temeke hakuna mtoto atakayeonewa. Dakika tatu hazikupita. "Chake kina ngozi!" "Changu kimejaa miba!" "Mwalimu, Hamisi kaniangalizia samaki wangu!" Mtoto mmoja alikuwa ameshika kipande chake mkono huu na cha jirani mkono ule, amefumba macho, anapima uzito. Wawili wakashikana mashati, sahani ikaruka. Mwalimu Saumu alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni anatafuna karanga. "Si umewagawia viwanja," akaniambia, "sasa wanagombea mipaka. Ulitegemea nini?"

Kilichoniuma si kucheka kwake. Mie nimezaliwa kwenye masinia. Sikumbuki hitima wala Idi wala harusi ya mtaani ambayo nilipewa sahani yangu peke yangu. Tunakaa sita, saba, tunanawa, tunazunguka sinia moja, na sijawahi kuona watoto wakishikana mashati. Lakini kwa kuwa nimeambiwa hii ni amani ya nchi nane, hata haikunipitia kichwani kwamba huenda na sie tunayo. Niliona amani ya kimataifa lazima ije na vyombo vyake. Mtu aliyeuza vyombo miaka sita anafanya kosa hilo kirahisi sana.

Alhamisi iliyofuata Mwalimu Saumu akaazima masinia manne kwa majirani, watoto saba saba. Sheria za sinia kila mtoto wa pwani anazijua: unakula mbele yako, mkono wako hauvuki kwenda kwa mwenzio, na kitoweo kinakaa katikati hakiguswi mpaka mkubwa wa sinia akigawe. Mwalimu akabadilisha kitu kimoja tu. Alisema, "Hapa hakuna mkubwa. Kila Alhamisi mgawaji mwingine. Na mgawaji anachukua mwisho." Basi. Hakueleza kwa nini. Mie nilisimama mlangoni na kalamu nikisubiri vita, na kitu pekee nilichosikia ni mtoto mmoja akimwambia mwenzake aliyenyoosha mkono, "We, bado hatujagawa, una haraka ya kwenda wapi, una kikao?"

Mwezi wa tano mtoto mmoja alihama, nafasi yake akaja Nasra. Alikuwa na miaka mitano, aliletwa na bibi yake, na kwao kulikuwa na ugomvi wa watu wazima ambao mtaa mzima uliusikia na hakuna aliyeutaja. Nasra alikula kwa kasi, mkono wa kushoto ameuzungusha mbele ya chakula kama ukuta, na akidhani humwoni anatia wali mfukoni mwa gauni. Siku moja niliukuta mpaka ndani ya soksi. Nilitaka kumsemesha, Mwalimu Saumu akanishika kiwiko. "Muache. Wa kesho huyo anauweka." Zamu za ugawaji zikazunguka, na wenzake wakaanza kunong'ona kwamba Nasra akigawa yeye atamaliza samaki wote. Mie pia niliamini hivyo, na nikamshauri mwalimu amruke. Akaniambia, "Kwani wewe sokoni unamrukaga mteja kwa sababu viatu vyake vimechakaa?" Na ndivyo nilivyokuwa nafanya.

Zamu yake ikafika. Mie, ninayehesabu kila kitu mara mbili, siku hiyo niliweka vipande saba kwenye kila sinia nikahesabu mara moja tu, na sikuona kwamba Hamisi amegombana na wenzake akahamia sinia la kina Nasra. Wako wanane, vipande saba. Nasra akaanza kugawa. Watoto wote wanaangalia vidole vyake. Akampa wa kwanza, wa pili, akaangalia mfukoni kwake kidogo, akampa wa tatu, akaendelea mpaka wa saba, ambaye ni Hamisi, akarudisha mkono katikati ya sinia kuchukua chake. Hapakuwa na kitu. Hakulia. Alibaki ameuweka mkono pale kwenye alama ya mafuta, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta wamehama. Nikasikia bati likilia kwa jua. Halafu Hamisi, samaki ameshamtia kinywani, akamtoa, akavuta mwiba, akamkata kwa vidole, akaweka nusu mbele ya Nasra. Msichana mmoja akapiga ukelele, "Mamaa! Umeshamlamba huyo!" Hamisi akasema, "Nimelamba upande mmoja." Wakaangua kicheko, na mmoja mmoja wakaanza kumega vijipande vya samaki, vingine vidogo kama punje, wakamwekea. Nasra akala vyote. Ule mkono wa kushoto aliusahau pajani. Siku hiyo mfuko wake ulikwenda nyumbani mtupu. Nina hakika, kwa sababu niliupekua.

Jioni hiyo hiyo tulikaa bandani, Mwalimu Saumu anasema, mie naandika. Alitaka kila kitu kiandikwe: kunawa, kukaa duara, mbele yako, katikati, zamu, mwisho. Hata Hamisi alitaka aandikwe, ila bila kulamba. Akanipokonya kalamu akaandika kichwa cha somo mwenyewe, kwa ule mwandiko: Sinia. Kisha akasema kitu ambacho nakumbuka kwa sababu alikisema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini hakuwa nayo nyingi. "Mie nimefundisha miaka kumi na tisa, Mwajuma, na mtoto wangu wa mbali kabisa anatoka Mbagala. Nataka mtoto wa huko ng'ambo, ambaye hatanijua, amwambie mwenzake 'wewe mwisho' kwa lugha yake. Basi. Sitaki kingine." Nikamwambia somo litapita. Nilimwambia vile ninavyomwambia mteja kwamba ndoo haipasuki.

Mwezi wa nane kamati ikaja Madale. Walikuwa watano kutoka nchi tofauti, na kiongozi wao alikuwa Bi Marta, mama wa Amerika ya Kusini mwenye mvi fupi, aliyenipokea kikombe cha chai kwa mikono miwili. Kamba zilikuwa na masomo arobaini na moja, Sinia likiwemo, kitabu kina nafasi ishirini na nne. Dokta alikuwa amewaambia kwamba mie ndiye niliyekuwa darasani, kwa hiyo nikaondolewa jikoni nikapewa kiti. Walipofika kwenye Sinia wakalisifu, na mfanyabiashara yeyote anajua bidhaa ikianza kusifiwa kabla ya kuulizwa bei, hainunuliwi. Mmoja akasema kwao sheria za afya haziruhusu watoto saba kutia mikono chombo kimoja. Hilo ningeliweza. Lakini Bi Marta akavua miwani akasema polepole, Dokta akinitafsiria yanayonipita, kwamba yeye alifanya kazi miaka mingi kwenye kambi za watu waliokimbia vita. Kule, akasema, ukiweka chakula katikati, wakubwa wanakula na wadogo wanatazama. Alishuhudia. Hawezi kumpelekea mwalimu wa kambini somo linaloanza kwa kuweka chakula katikati. Akapendekeza sahani. Na keki.

Nilikuwa na jibu. Jibu langu lilikuwa na miaka mitano na wali kwenye soksi. Ningesema tu habari za Nasra, dakika mbili, kwa Kiingereza changu kibovu. Sikusema. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na kila nikijumlisha napata jibu lile lile. Asubuhi ile Dokta alikuwa amenidokeza kwamba kitabu kikiisha watabakiza mtu mmoja wa kusimamia toleo la Kiswahili, na wanatafuta mtu anayeelewana na watu. Nikataka kuonekana naelewana na watu. Basi nikafanya ninachokijua: nikapatana. Nikasema sawa, ondoeni sinia, wekeni sahani, wekeni keki, wekeni hata mishumaa, ila mniachie mgawaji achukue mwisho. Wakatazamana. Wakakubali haraka sana. Mtu akikubali bei yako haraka namna ile, ujue ulikuwa na nafasi ya kupandisha. Bi Marta akanishika mkono, akaniambia mimi ni mjenzi wa amani. Nikaenda jikoni nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Kwa Mwalimu Saumu nilisema somo limepita. Haikuwa uongo ukiiangalia kwa jicho moja. Miezi mitatu yote nikawa naangalia kwa jicho moja. Yeye akautangazia mtaa: kwa muuza mkaa, kwa kinamama wanaoleta watoto, kwa ustadhi wa madrasa, aliyeanza kumwita Mwalimu wa Dunia kwa dhihaka na akaishia kumwita hivyo kwa heshima. Kila Alhamisi aliniuliza, "Kitabu bado?" "Bado, mwalimu." "Wasicheleweshe bwana, nitaonekana mwongo mie." Nikawa nampelekea vitu ambavyo hakuomba, kalamu za rangi, mkeka mpya, jagi la kunawia lenye mfuniko. Akalipokea jagi akalizungusha. "Mbona umekuwa mkarimu ghafla, Mwajuma? Unaumwa?" Kuna nyakati nilifika na maneno yako mdomoni kabisa. Nikimkuta anawaambia watoto "msile kwa fujo, mtaaibisha kitabu," nayameza.

Mwezi wa kumi na moja Bi Marta akarudi, kaleta nakala za kwanza kwa mikono yake. Dokta alikuwa Dodoma, kwa hiyo nilimpeleka Temeke mie. Mwalimu Saumu alikuwa ameita kinamama, kama thelathini, wamejaa bandani na nje, kanga mpya, na masinia yamefunikwa kawa yakisubiri. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kizuri, kinanukia wino. Bi Marta akamfungulia ukurasa wenyewe, akamwonyesha kwa kidole huku anatabasamu. Picha ilikuwa ya meza, watoto watano kwenye viti, kila mtu na sahani yake, na keki. Mwalimu Saumu Kiingereza alikijua cha kutosha. Nilimwona akisoma. Akafunua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza, akafunua tena. Akaniangalia mara moja tu, na kama angeniangalia mara mbili ningetoka nikakimbia.

Kisha akainua kitabu usawa wa kifua, picha ikiangalia kwake, akasafisha koo. "Somo la kumi na nne," akasema kwa ile sauti ya mnada. "Sinia. Kwanza, watoto wananawa. Pili, wanakaa duara, kila mtu anakula mbele yake." Akasoma lote. Akasoma kitoweo kikae katikati, akasoma zamu, akasoma hata mtoto mmoja wa Temeke aliyekata samaki wake nusu, na mama yake Hamisi akapiga kigelegele kilichomshtua Bi Marta. Macho yake yalikuwa yanatembea juu ya mistari kama mtu anayesoma kweli, na mwisho wa kila mstari yakarudi mwanzo. Bi Marta, asiyejua neno la Kiswahili, alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Kwa hiyo yule mama wa Bunju hakudanganya. Mama yake alikuwepo, na alisikia kikisomwa. Mie ndiye niliyesimama pale na masikio mawili na macho mawili na sikuweza kuvifanya vikubaliane.

Chakula kikafunuliwa. Mwalimu akamkalisha Bi Marta kwenye mkeka, sinia moja na kina Nasra, akasema mgeni leo ndiye mgawaji. Nikamweleza Bi Marta kazi yake ni kugawa samaki. Akanawa, akakunja mikono ya blauzi, akachagua kipande kizuri cha katikati, pengine kwa kufikiri kwamba mkubwa anaanza ili wadogo waone, akakiweka mbele yake. Watoto wote wakaacha kutafuna. Nasra akamgusa kifundo cha mkono. Hakumvuta, alimgusa tu. "Wewe mwisho, mgeni." Bi Marta akanigeukia aambiwe alichoambiwa. Nikamwambia. Akabaki amekitazama kile kipande, kisha akamtazama Nasra, na nikaona uso wake ukifanya kazi, kama mtu anayetafuta alipoweka ufunguo. Akakirudisha katikati. Akagawa, mmoja mmoja, polepole, na yeye akabakiwa na mkia. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama hili ndilo lile somo. Nikasema ndilo. Akaniuliza, huyu mtoto alizaliwa anajua? Hapo ndipo nilipomweleza habari za soksi, nikiwa nimechelewa miezi mitatu. Aliula ule mkia mpaka ukawa mwiba mtupu, na watoto wakamwonyesha pa kuuweka.

Watu walipoondoka, tukabaki wawili bombani na masinia manne. Mwalimu Saumu anasugua, mie nasuuza. Akamaliza sinia la kwanza, akaniuliza.

"Uliwauzia?"

"Tulibadilishana, mwalimu. Nikapata mgawaji kuchukua mwisho. Kipengele hicho kimo, umekiona."

"Nimekiona. Wamekuachia mwiba."

Nikamwambia yote, kamati, kambi, kazi niliyodokezwa, jibu nililokuwa nalo nikalikalia. Nilisema haraka kwa kuwa niliogopa atanisaidia kujitetea. Hakunisaidia. Nikamwambia bado ipo njia: toleo la Kiswahili nimepewa mie, kule Ulaya hakuna wa kulisoma, nitarudisha Sinia neno kwa neno, na kichwa kwa mwandiko wake.

Akanitazama kama mteja aliyetajiwa bei ya kitu ambacho tayari anacho nyumbani. "Sie tufundishwe sinia na kitabu? Mwajuma we, sie tunajua. Mie nilikuwa nawataka wao." Ndipo nilipolia. Sikuwa mtu wa kulia, sikujua hata pa kuweka mikono, nikawa nalia huku nimeshika sinia. Akaendelea kusugua. "Usinililie juu ya chombo," akasema, "hilo nimeshalitakatisha." Lakini alisogea, bega lake likagusa langu, na hakuliondoa.

Baadaye akauliza, "Yule mama, kile kipande alikirudisha mwenyewe, au Nasra alimnyang'anya?"

"Alikirudisha mwenyewe."

"Una hakika?"

"Nilikuwa naangalia, mwalimu. Alikirudisha mwenyewe."

"Haya. Mmoja huyo." Akanipa sinia la mwisho, likiwa bado na povu. "Na duniani wamebaki wangapi?"

Nikamwambia ni wengi, hawahesabiki.

"Basi usiwahesabu," akasema. "Suuza hilo, Alhamisi haiko mbali."